Mnaotaka kutujengea shule, tuambieni kwanza mwalimu atalipwa na nani

Mhariri,

Nipe nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Najua hii itakuwa ndefu, ukitaka kupunguza punguza popote lakini ile sehemu ya mshahara wa mwalimu uiache venye iko.

Naandika juu ya hawa watu wazuri, na sisemi kwa kejeli, kweli ni watu wazuri, wenye wanataka kujenga shule za watoto maskini huku mashambani. Wengine wako ng'ambo, wengine ni vyama vya akina mama kutoka Nakuru mjini, wengine ni makanisa, wengine ni vijana walisoma pamoja wakafungua kikundi cha WhatsApp wakaanza kuchanga. Wakifika huku kwetu Rongai, upande wa mashamba ya mkonge, swali la kwanza huwa darasa moja linagharimu ngapi, mawe ni ngapi, mabati ni ngapi, fundi anaitisha ngapi. Sijawahi kusikia mtu ameshuka kwa gari akauliza mwalimu wenu anakula nini.

Mimi ni mweka hazina wa shule moja ya jamii huku. Si mwalimu, nauza unga, mafuta na vitu vidogo vidogo dukani, na kamati ilinichagua juu walisema mtu wa duka hawezi kosa kujua hesabu ya deni. Basi kwa hiyo kazi ya kushika daftari nimeona kitu kimoja, na ndicho nataka wasomaji wako wakijue kabla hawajatuma pesa yao kwa mtu yeyote: shule za jamii huku zinakufa juu ya mshahara wa mwalimu. Jengo watu hupata. Hata tukikosa, watoto watakaa chini ya mti na masomo yaendelee, lakini mwalimu akienda hata ungekuwa na gorofa umebaki na stoo.

Kwa wale hawajui huku, ukitoka Nakuru ukishika njia ya kuelekea Mogotio ama ukizunguka upande wa Solai utaona mkonge mpaka uchoke. Ndani ya hayo mashamba kuna kampi, nyumba za laini, na watu wa kampi wametoka kila pembe, kuna Waturkana, Wakalenjin, Waluhya, Wakikuyu, Wakisii, Wajaluo, na mtoto akizaliwa hapo lugha ya kwanza anashika ni Kiswahili juu hiyo ndiyo anacheza nayo nje. Mzazi anatoka bado ni giza, anakata majani, anafunga mafungu, na malipo yanaenda na yale mafungu ametoa. Sasa huyo mama utamwambia aache kazi saa moja asubuhi ampeleke mtoto wa miaka mitano shule, arudi, halafu aende tena kumchukua saa sita? Hiyo siku amekula nini.

Shule ya serikali iko, sitaki mtu aseme nimedanganya, iko na walimu wake wanajitahidi. Lakini iko mbali na njia yenyewe inakata barabara yenye malori hayapunguzi mwendo. Mtoto wa miaka kumi anafika vizuri, tena anafika akicheza. Yule wa miaka mitano hafiki, ama anafika siku mbili kwa wiki na mvua ikianza hafiki kabisa mpaka muhula uishe, na akikuja kuanza ako na miaka tisa anakalishwa na watoto wadogo, anaona aibu, anatoka. Hivo ndivyo watoto wa kampi wanapotea, na huwezi ona hiyo kwa rejista juu hawakuwahi andikwa kwa rejista.

Na msichana mkubwa ndiye anaumia zaidi. Kuna mmoja alikuwa anakuja kwetu na ndugu yake mgongoni, amemfunga na leso ya mama, akifika anamlaza chini ya benchi juu ya gunia, anaandika na mkono moja huku mguu unamtikisa mtoto asiamke. Mwalimu aliamua asimfukuze. Siku hizi tuna kona ya watoto wachanga na mama mmoja wa kampi mwenye mgongo ulikataa kazi ya mkonge ndiye anawaangalia, na yeye pia anahitaji kulipwa, nitafika hapo.

Kisheria mambo iko sawa kabisa. Katiba ya 2010 kifungu cha 53 inasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikarudia. Kabla ya hapo, 2003, serikali ya Kibaki ilifuta karo ya shule ya msingi na watoto zaidi ya milioni moja wakaingia darasani, tena si watoto peke yao, mzee Kimani Maruge pale Eldoret aliingia darasa la kwanza 2004 akiwa na miaka 84 na dunia nzima ikamjua. Mimi huwa namfikiria huyo mzee. Mtu wa miaka 84 alipata dawati lakini wa miaka 5 kwa kampi bado anangoja, na kinachomzuia ni umbali, karo ilishatolewa.

Ndio maana shule yetu tuliamua inaishia Gredi 3. Wageni wengi hii huwashangaza, wanataka shule yenye itakua mpaka Gredi 9, wengine wananiuliza sekondari mtaanza lini, na mwingine aliniambia hatuna maono. Maono tunayo. Tunachukua mtoto PP1, ule mwaka wa kwanza wa chekechea, tunamfundisha kusoma na kuhesabu, miguu yake inakomaa, akimaliza Gredi 3 anavuka na wenzake kwa kikundi mpaka shule ya serikali na anaendelea na Gredi 4 huko penye kuna walimu wa TSC, ile tume ya serikali ya kuajiri walimu, kuna vitabu vya serikali, na akifika Gredi 6 anafanya KPSEA, ule mtihani wa kitaifa wa kumaliza msingi, akiwa amesajiliwa vizuri. Tungetaka kuwafikisha Gredi 6 sisi wenyewe tungeanza kuzunguka tukiomba shule nyingine iwasajilie watoto wetu mtihani, na Gredi 7 inataka maabara na walimu wa masomo mengi, hiyo tutatoa wapi? Shule ndogo yenye inajua kazi yake inatutosha.

Sasa tukuje kwa mshahara.

Mzazi kwetu anatoa shilingi 200 kwa mwezi kwa mtoto, na mwenye hana analeta kuni ama anakuja kuchota maji. Hiyo 200 ukiiona ni kidogo, lakini mwezi wenye mvua imezuia watu kukata hata hiyo haipatikani, na mimi ndio nashika daftari kwa hivyo najua nani amelipa na nani ananiepuka njiani. Tukikusanya zote, tukitoa za chaki na za uji, tunawapa walimu kitu chenye hata kibarua wa kupalilia anaweza kuwacheka. Halafu tarehe kumi na tano mwalimu anakuja dukani kwangu kukopa unga. Namwandika kwa daftari ingine. Mwisho wa mwezi kama mweka hazina nampa mshahara mbele ya kamati, anatembea hatua ishirini, na kama mwenye duka naupokea tena. Watu hucheka hii nikiwaambia lakini mimi sijaona kicheko, juu mwalimu mwenye anakaa na deni mwaka mzima ni mwalimu mwenye anatafuta njia ya kutoka.

Na lazima atoke. Mwalimu wa kwanza tulikuwa naye alikuwa kijana amemaliza Fomu Foo, mwerevu, watoto walimpenda, akapata kazi Naivasha kwa mashamba ya maua na akaenda katikati ya muhula. Sikumlaumu. Baada yake tukapata aliyesomea chekechea kabisa, mwenye cheti na namba ya TSC, huyo ndiye sheria inataka, lakini mwenye cheti shule ya serikali pia inamtaka kama mwalimu wa bodi, yule analipwa na bodi ya shule si TSC, na inalipa zaidi yetu, kwa hivyo kila Januari tunakaa roho mkononi tukingoja kuona kama atarudi. Akikosa kurudi watoto hawangoji. Wiki ya kwanza wanakuja wanacheza wanarudi nyumbani, wiki ya pili wakubwa wanaanza kufuata wazazi kwa mkonge kuokota okota, wiki ya tatu darasa liko kimya, na kuwarudisha hapo ni kazi ya nyumba kwa nyumba.

Kuna mahali si mbali na hapa, jina sitaji, watu walijengewa madarasa mawili ya mawe, dirisha za vioo, sakafu ya simiti inang'aa, ukutani kuna bamba lenye majina ya waliotoa. Siku ya kufungua kulikuwa na hema, vipaza sauti, mbuzi, mchele, wanasiasa wawili na kila mmoja aliongea mpaka uji wa watoto ukapoa. Nilikuwa nimealikwa na nilikula, sikatai. Lakini mimi ni mtu wa hesabu, nikakaa hapo nikijumlisha hema na viti na mbuzi na mafuta ya magari, na nikaona hiyo sherehe peke yake ingemlipa mwalimu miezi mingi sana. Sasa hivi darasa moja liko na kufuli na lingine mtu anaweka mahindi yake. Hakuna mtu aliiba chochote pale, tusitafute mwizi. Waliochanga walichangia kile kitu kinaonekana kwa picha, na mshahara hauonekani kwa picha.

Wazee wetu hili walilijua. Baada ya uhuru 1963 shule nyingi za nchi hii zilijengwa kwa harambee, watu walibeba mawe, wamama walileta maji na kuku, na kuna wakati sekondari za harambee zilikuwa nyingi kuliko za serikali. Lakini kulikuwa na makubaliano hata kama hayakuandikwa: wananchi wajenge, halafu serikali ilete mwalimu. TSC iliundwa 1967 na polepole hizo shule zikaanza kupata walimu wanaolipwa, na zile zilipata ndizo leo mnaona zina majina makubwa. Kwetu Vihiga penye nilizaliwa ni kanisa lilianza, Marafiki, wale wa kanisa la Quaker, walifika Kaimosi 1902, na mpaka leo ukiuliza shule ya huko utaambiwa pia mfadhili wake ni kanisa gani. Kanisa lilitoa shamba na likasimamia, mwalimu akaja akalipwa. Sisi huku kwa mkonge hatuna hilo kanisa kubwa nyuma yetu, tuna mapasta watatu wa makanisa ya mabati wenye wanatusaidia na maombi na kidogo kidogo, Mungu awabariki.

Saa hii serikali inaleta nini kwa shule ya jamii? Ile pesa ya elimu ya bure, ilianza na shilingi 1,020 kwa mtoto kwa mwaka hiyo 2003 na baadaye ikafika 1,420, kwetu haijawahi kufika hata ndururu. Pesa za CDF, ule mfuko wa maendeleo ya eneo bunge, zinajenga, lakini kwa sheria yake haziwezi kulipa gharama za kila mwezi kama mishahara, na mjumbe akikuja anasema hivyo na ni kweli. Vitabu vya serikali vinaenda shule za umma, sisi tunaazima vya mwaka jana kutoka shule jirani, na nashukuru sana mwalimu mkuu wa pale juu si lazima atupe. Hapo kwa vitabu kuna mchezo mwingine, kitabu cha hesabu kimeandikwa Kiingereza, mtoto anajua Kiswahili, mwalimu anasoma Kiingereza anaeleza Kiswahili anaandika Kiingereza ubaoni, na mtoto anajibu Kiswahili. Inaenda tu.

Mlango mmoja upo na watu wengi hawaujui, kwa hivyo wacha niuseme. Chekechea kwa katiba ni kazi ya kaunti, si ya serikali kuu. Kwa hivyo PP1 na PP2 unaweza kuomba kaunti ilete mwalimu wa chekechea hata kabla hujapata kitu kingine. Ndio, utaambiwa bajeti, utaambiwa ngoja mwaka wa fedha, utazungushwa, mimi nimekaa kwa benchi la ofisi moja mpaka askari akanijua jina. Lakini angalau hapo kuna mtu wa kuulizwa na kuna sheria nyuma yako. Ukianza na Gredi 1 peke yake umejifungia huo mlango. Anza na wadogo kabisa, ongeza darasa moja kila mwaka wale watoto wakipanda, na usifungue darasa lenye huna mwalimu wake.

Halafu karatasi. Hapa nitaongea kidogo juu watu wa mjini wanafikiri shule ni kuamka tu na kuanza. Kuendesha shule bila usajili ni kosa kisheria, na kusajili kunataka uonyeshe shamba ni lako ama umelikodisha kwa maandishi, afisa wa afya akague, wakaguzi wa elimu wakague, walimu wawe na vyeti, kuwe na bodi. Zote nakubaliana nazo. Shida ni shamba. Sisi tunaishi kwa shamba la mtu mwingine, hakuna mtu wa kampi ana hatimiliki ya hata futi moja, ukipewa barua ya kutumia kiwanja hiyo barua ni ya leo, shamba likiuzwa kesho mwenye kununua hana habari na wewe. Wengine wanakimbilia nje ya shamba kwa mzee mwenye roho nzuri anasema nawapa nusu eka jengeni. Nzuri sana. Ameandika wapi? Hakuandika, alisema mbele ya watu kwa mazishi. Nimeona hiyo ikiisha vibaya mahali, mzee alikufa, vijana wake wakapima, wakapanda mahindi mpaka kwa ukuta wa darasa, watoto wakawa wanatoka choo wakipita katikati ya laini za mahindi na kijana amesimama na jembe anahesabu mti gani umevunjwa. Kwa hivyo kama mnataka kutumia pesa kwa kitu cha kudumu lipeni mpima ardhi, lipeni mambo ya bodi ya ardhi, shamba liingie kwa jina la shule mzee akiwa hai na watoto wake wakiwa hapo wakitia sahihi. Hiyo ndiyo msingi, kabla ya simiti.

Karatasi ya pili ni ya mtoto mwenyewe. Bila cheti cha kuzaliwa haingii kwa mtambo wa serikali wa kusajili wanafunzi, na asipoingia humo hata akivuka kwenda shule ya serikali hesabu yake haipo, shule inamfundisha lakini pesa yake haiji, na mwalimu mkuu ana haki ya kulalamika. Watoto wa kampi wengi walizaliwa nyumbani, mama mwenyewe pengine hana kitambulisho, baba alienda. Inabidi uende kwa chifu, utafute kadi ya kliniki kama panya hajala, urudi tena. Kuna msichana wa chuo alikuja likizoni, hakuleta hata penseli, alikaa na sisi akiwajazia wazazi fomu za vyeti vya kuzaliwa na kuwapeleka ofisini kwa zamu. Mimi namweka juu ya wafadhili wote tumewahi kuwa nao.

Kuhusu jengo sitaki mnielewe vibaya eti nasema tukae kwa vumbi. Vumbi ni funza, na mtoto mwenye funza hawezi kaa akatulia. Septemba 2019 shule moja pale Dagoretti Nairobi iliporomoka asubuhi watoto wakiwa ndani na wanane wakafa, kwa hivyo jengo baya linaua. Lakini jengo la kutosha si lazima liwe la kifahari. Kwetu ni nguzo, mbao za pembeni, mabati na sakafu ya simiti nyembamba, mlango unafunguka kwa nje venye serikali inataka na dirisha hazina vyuma. Mvua ikipiga yale mabati mwalimu anapiga kelele mpaka anachoka, basi anawaandikia hesabu ubaoni wanafanya kimya mpaka mvua iishe, wameshazoea. Vyoo ndio tulichimba kabla ya darasa la pili, juu hesabu ya serikali ni tundu moja kwa wasichana 25 na moja kwa wavulana 30, na ukiwa na wasichana wakubwa wenye wanakuja kubeba wadogo zao hiyo si kitu ya kungoja.

Uji. Nilisahau uji na wanakamati wenzangu wangenipiga. Siku ya uji darasa linajaa, siku unga umeisha darasa linapungua, hakuna siri hapo. Tunachanganya mahindi, wimbi na mtama, tunasaga kwa posho mili, sukari tunaweka ikiwepo. Mtoto wa kampi pengine hajakula kitu tangu jana usiku, na huyo ndiye unataka akae akuunganishie herufi. Mpishi ni mama ya mtoto, analipwa kidogo, na huyo anaangalia wachanga pia analipwa kidogo. Kwa hivyo nikisema mshahara nasema wa watu wanne, si wa mwalimu peke yake.

Basi ombi langu kwa wenye wanataka kuanzisha shule kama hii, iwe huku Nakuru ama kule Nyando ama Busia, ni moja. Kabla ya kununua jiwe la kwanza, wekeni mshahara wa mwalimu wa miaka mitatu kwa akaunti yenye watia sahihi watatu, mmoja awe mzazi wa hapo, na hiyo pesa isiguswe kwa kitu kingine hata paa likivuja. Miaka mitatu nimetaja juu ndani ya huo muda shule inaweza kupata shamba kwa maandishi, ikasajiliwa, na ikasumbua kaunti mpaka iletewe mtu wa chekechea. Wazazi waendelee kutoa ile kidogo yao, msiwaambie ni bure kabisa, juu mzazi ametoa 200 atakuja kwa mkutano aulize imefanya nini. Mkikosa pesa ya miaka mitatu, basi tafuteni shule yenye tayari iko na ina mwalimu mwenye njaa mumlipe yeye, wala msiandike jina popote.

Na kwa wizara na TSC, nyinyi ndio mna jibu la kweli. Shule ya jamii yenye imesajiliwa, imekaguliwa, inalisha shule ya umma watoto wenye wanajua kusoma, ipewe mwalimu mmoja tu wa TSC. Mmoja. Wengine tutatafuta. Mkiogopa kwamba watu watafungua shule za uongo ili wapate mwalimu, kagueni, tuko hapa, wakaguzi wakuje bila kutuarifu. Na mtoto ahesabiwe ile 1,420 yake, ifuate mtoto penye anasoma. Mkifungia shule kama hizi eti hazijatimiza masharti, nendeni kwanza mtembee na mtoto wa miaka mitano kutoka kampi mpaka shule yenu, mvuke naye ile barabara, halafu ndio mfunge.

Kitu kidogo cha mwisho, wageni. Mkija msije Jumamosi na mtuambie tuwaite watoto wavae sare waimbe. Kujeni Jumanne asubuhi masomo yakiendelea, kaeni nyuma kwa benchi, simu iwe mfukoni, na msipige mtoto picha kama mzazi hajakubali. Halafu mkitoka mpite dukani, daftari la mishahara liko chini ya mizani, mtaliona lote pamoja na deni.

Mzazi na mweka hazina,
Rongai, Nakuru